Padre João dos Santos na ndege aliyekula mishumaa

Mbele ya ufuko wa Chukwani, Unguja, yako matumbawe. Ndani ya kila tumbawe hai hukaa mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa. Tumbawe humpa makao. Maji yakizidi joto, mwani huwa mzigo kuliko faida, hutolewa nje, na tumbawe hubaki jeupe. Mwaka 1998 mengi katika Bahari ya Hindi yalikufa hivyo.

Ukiifuata pwani hii kuelekea kusini, ukapita Kilwa na kuingia Msumbiji, utafika Sofala. Huko, zaidi ya miaka 400 iliyopita, padre mmoja aliona ushirikiano mwingine wa namna hii.

João dos Santos alikuwa mzaliwa wa Évora, Ureno, mtawa wa Shirika la Wadominikani. Alifika Msumbiji mwaka 1586, akatumwa Sofala, mji wa Waswahili ambao kabla ya Wareno ulikuwa chini ya Kilwa. Baadaye alitumikia Sena na Tete kando ya mto Zambezi, kisha visiwa vya Kirimba.

Katika kanisa dogo la Sofala aligundua kwamba ndege mdogo huingia na kudonoa mishumaa. Mishumaa ilikuwa ya nta ya nyuki. Mwingine angemfukuza tu (sakristani yeyote angefanya hivyo), lakini padre aliuliza na kutazama, akaandika kwamba ndege huyohuyo huwaita watu porini na kuwaongoza hadi kwenye nyuki. Ndiye mlembe.

Hesabu yao ni rahisi. Mlembe anajua nyuki walipo lakini hawezi kupasua mti wala kuvumilia miiba. Binadamu ana shoka na moshi. Mtu huchukua asali, ndege hula nta na majana. Lakini kila upande hupima gharama. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wakati mwingine huchoma au kuficha nta, ili ndege abaki na njaa na kuendelea kuongoza. Na penye sukari ya dukani, watu huacha kumfuata, naye huacha kuwaita.

Wala nta peke yake haiongezi walembe. Jike hutaga katika viota vya ndege wengine, wakiwemo keremkerem, na kinda lake huua makinda wenyeji kwa ncha kali za mdomo. Wenyeji hao wakipungua, walembe nao hupungua, hata asali ikiwa tele. Rafiki yetu huyu, kwa keremkerem, ni balaa.

Padre João alirudi Ureno, na mwaka 1609 kitabu chake, Ethiopia Oriental, kikachapwa Évora. Hakukaa huko, alirudi tena Mashariki, akafariki Goa mwaka 1622.

Mwaka 2016 watafiti walichapisha walichokipima Niassa, bara ya visiwa vya Kirimba alikowahi kutumikia. Wayao wana mlio maalumu wa kumwita mlembe. Mrinaji akiutoa, nafasi ya kuongozwa hupanda kutoka asilimia 33 hadi 66. Ndege wanaujua mlio huo, na bado wanaitikia.