Carl Büttner, mwalimu wa Kiswahili wa Berlin

Mwaka jana nilifanya stazhi ya ualimu katika shule moja ya hapa Ibanda. Prefe alinipa darasa la Kiswahili lenye wanafunzi zaidi ya hamsini, lakini kitabu hakikuwepo. Nilikuwa na chaki, ubao na daftari langu tu. Jioni moja nikajiuliza: wale waliotangulia kuifundisha lugha hii katika chuo kikuu walianzia wapi? Swali hilo likanifikisha kwa Mjerumani Carl Gotthilf Büttner. Jina lake tunalisikia katika somo la historia ya fasihi, lakini maisha yake hatuyajui sana.

Büttner alizaliwa Königsberg, Prussia, mwezi wa Desemba 1848. Alisomea theolojia na lugha, kisha akatumwa na Misioni ya Rhein kwenda nchi tunayoiita leo Namibia. Huko Otjimbingwe akawa mkuu wa Augustineum, shule iliyoanzishwa mwaka 1866 ili kuandaa walimu na wainjilisti Waafrika. Kwa mazoea yetu ya Bukavu, alikuwa prefe na mwalimu kwa pamoja. Alijifunza Kiherero, akasikiliza hadithi za Waherero, na baadaye akazichapisha. Mwaka 1880 alirudi Ujerumani.

Sehemu inayofuata ya maisha yake ndiyo iliyonisumbua. Mwaka 1885 serikali ya Ujerumani ilimtuma tena kule kule, safari hii si kama mwalimu bali kama mjumbe wake. Alifaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa aliijua nchi na lugha, na watu walimfahamu. Tarehe 21 Oktoba, yeye na kamishna Heinrich Göring walifunga mkataba wa ulinzi na Maharero, mkuu wa Waherero, mjini Okahandja. Maharero alitaka msaada dhidi ya adui yake Hendrik Witbooi. Msaada haukuja, na mwaka 1888 akaukana mkataba. Mwaka uliofuata Ujerumani ikaleta askari. Ilipofika 1904, Büttner akiwa amekwisha kufa, Waherero waliasi na wengi wao wakaangamizwa. Siwezi kumbebesha mwalimu mmoja mzigo wa mauaji hayo. Lakini pia siwezi kusoma vitabu vyake nikasahau kwamba lugha aliyojifunza kwa wenyeji ilitumika kuwafungulia wageni mlango.

Mwaka 1887 chuo kikuu cha Berlin kilifungua Seminari ya Lugha za Mashariki, na Büttner akapewa somo la Kiswahili. Wanafunzi wake wengi hawakutafuta fasihi; walijiandaa kuwa maofisa, wamisionari na wafanyabiashara katika koloni la Afrika Mashariki. Koloni hilo baadaye lilifika hadi ng'ambo ya Ruzizi, mahali tunapopaona kila siku kutoka Ibanda. Kwa hiyo habari hii si ya mbali kama inavyodhaniwa.

Kama mimi, Büttner alihitaji vitabu. Mwaka ule ule wa 1887 alitoa kitabu kidogo cha kuanzia, na mwaka 1890 akatoa kamusi. Alianzisha pia jarida la lugha za Afrika, na humo akachapisha tenzi za kale kutoka katika karatasi za Krapf. Mwaka 1892 akatoa mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ili wanafunzi wake wajifunze kusoma barua kama Waswahili wenyewe walivyoziandika.

Lakini kamusi haitoi sauti. Seminari iliwaajiri wasemaji kutoka Unguja: kwanza Sleman bin Said, kisha Amur bin Nasur. Walikuwa wasaidizi kwa cheo na kwa mshahara, ingawa bila wao Kiswahili cha darasa lile kingebaki wino mtupu. Amur aliandika kwa Kiswahili habari za maisha yake, pamoja na mambo ya Berlin jinsi alivyoyaona. Büttner aliziingiza katika mkusanyo wake wa fasihi ya Waswahili, uliotoka mwaka 1894. Yeye mwenyewe hakuuona, kwa sababu alifariki Berlin mwezi wa Desemba 1893, kabla ya kutimiza miaka 45.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunapodaiwa. Wasomi wengi wanamtaja Büttner kama mtu aliyehifadhi maandishi yetu ya zamani, na ni kweli. Hata hivyo, kurasa zilizo hai zaidi katika mkusanyo huo ni zile ambazo mwalimu alinyamaza, akamwachia Amur aseme. Tukizisoma tuseme ni za Amur bin Nasur, si za Büttner.

Niliporudi darasani niliacha kujifanya kamusi. Nilimwomba kila mwanafunzi aandike kisa kimoja alichokisikia nyumbani, kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, na jina lake likae juu. Tulipata visa vya Uvira, vya Maniema na vya soko la Nyawera. Tulivisahihisha pamoja, na mara kadhaa aliyesahihishwa alikuwa mimi. Stazhi ilipokwisha, nilimwachia prefe visa hivyo vimeshonwa pamoja, ili atakayekuja asianze na chaki peke yake.