Dakta Kirk na Sumu ya Mishale

Jina la Dakta John Kirk si geni Visiwani wala katika mwambao wa Bagamoyo. Wazee wetu walilisikia katika habari za kufungwa kwa soko la watumwa la Mkunazini, na wataalamu wa wanyama wamempa jina hilo kima punju wa Unguja tangu mwaka 1868. Lakini liko jambo moja katika maisha yake lisilotajwa sana, nalo lahusu moyo wa binadamu, mishale ya wawindaji wa Kiafrika, na swali la nani hasa mwenye elimu.

Kirk alizaliwa Uskoti mwaka 1832, akasomea utabibu Edinburgh. Mwaka 1858 alifuatana na David Livingstone katika safari ya Mto Zambezi, akiwa tabibu na mtaalamu wa mimea, akadumu huko hadi 1863. Katika nchi ya Mto Shire, ambayo leo ni Malawi, aliwakuta wawindaji wakipaka mishale yao sumu iitwayo kombe, itokanayo na mbegu za mmea utambaao. Mnyama aliyechomwa hakufika mbali, na nyama yake ililiwa bila ya madhara. Kirk alichukua sumu ile. Mswaki wake ukakaa mfuko mmoja nayo, na siku alipoutumia alionja uchungu mkali, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Mtu mwingine angesukutua na kusahau. Yeye alikuwa tabibu, akatambua kwamba sumu ile huuendea moyo.

Mbegu zikafika Edinburgh mikononi mwa Profesa Thomas Fraser, aliyezichunguza kwa miaka mingi, na kutokana nazo ikapatikana strofanthini, dawa ya moyo dhaifu. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud akapata dawa iliyo jamaa yake, wabaini, ambayo jina lake limetokana na neno la Kisomali. Hiyo hutoka katika miti ya jamii ya msunguti, ambayo watu wa Afrika ya Mashariki wameipikia sumu ya mishale tangu kale. Yafaa tuseme wazi: maprofesa hao hawakuvumbua kwamba mimea hiyo ina nguvu. Walielezwa na waliokwisha kujua.

Namna sumu hiyo inavyofanya kazi ilichelewa kufahamika. Seli za moyo na za ubongo zina utando mwembamba, na ndani ya utando huo mna vijia ambamo ayoni za sodiamu, potasiamu na kalsiamu hupita zikichukua umeme. Umeme huo ndio uuamrishao moyo kupiga na ubongo kupeleka habari. Sodiamu iliyoingia sharti itolewe tena, ama sivyo umeme huo huisha. Kazi hiyo hufanywa na pampu, itoayo sodiamu tatu kila inapoingiza potasiamu mbili. Jens Skou wa Denmark aliigundua mwaka 1957 katika mishipa ya fahamu ya kaa, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Na kitu kinachoizuia pampu hiyo ni sumu ile ile ya mishale. Ikizuiwa kidogo, sodiamu hubaki ndani, kalsiamu nayo hukawia kutoka, na moyo hukaza kwa nguvu zaidi. Ikizuiwa mno, mapigo huvurugika na moyo husimama. Mwindaji alitaka hilo la pili. Tabibu hulitaka la kwanza, na kati yao ni kipimo tu.

Kirk alifika Unguja mwaka 1866 kama tabibu, akapanda hata kuwa Balozi wa Uingereza. Tarehe 5 Juni, 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, huku akitishiwa kuzingirwa na manowari. Kirk hakuacha mimea: aliichunguza sandarusi ya mwambao, na aina moja ya mpira wa porini imepewa jina lake. Lakini utumishi wa dola ni utumishi wa dola. Mwaka 1885 manowari za Wajerumani ziliposimama mbele ya Unguja, yeye aliyekuwa mshauri wa Sultani aliagizwa na London amshawishi akubali, naye akatii. Akaondoka mwaka 1886. Miaka miwili baadaye Bagamoyo ilikuwa chini ya kampuni ya Wajerumani, na Bushiri bin Salim ameinua silaha.

Taifa letu lilianzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili Dar es Salaam mwaka 1974, zaidi ya miaka mia moja baada ya mswaki ule. Kirk alifariki Uingereza mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 89. Mimea yake mingi imehifadhiwa Kew, London, na mtafiti wetu atakaye kuishika kwa mkono wake hana budi kuomba viza. Jina la mwindaji wa Shire aliyemwonyesha kombe halikuandikwa popote katika jina la mmea wala la dawa.