Albert Sabin: Kabla ya Watoto wa Wengine, Wanawe Mwenyewe

Mwezi Machi 2022, baada ya virusi vya polio kugundulika nchini Malawi, wahudumu wa afya walipita nyumba kwa nyumba mkoani Mbeya na katika mikoa jirani, wakiwadondoshea watoto matone ya chanjo kinywani. Baadaye kampeni ilienea nchi nzima, Iringa ikiwemo. Asili ya matone hayo ni kazi ya Albert Sabin.

Sabin alizaliwa tarehe 26 Agosti 1906 huko Białystok, katika Poland ya leo, kwa wazazi Wayahudi. Mwaka 1921 familia yake ilihamia Marekani, naye akasomea udaktari huko New York. Akiwa mtafiti mjini Cincinnati, alithibitisha kwamba virusi vya polio huzaliana katika utumbo kabla ya kushambulia mishipa ya fahamu. Hivyo aliazimia kuvidhoofisha virusi hai, ili vikimezwa viufundishe mwili kujikinga pasipo kuupoozesha.

Likabaki swali zito la dhamiri: je, ni halali kumpa mtoto mwenye afya virusi vilivyo hai? Sabin aliimeza chanjo hiyo yeye mwenyewe, akampa mkewe na mabinti zao wawili wadogo. Wafungwa waliojitolea huko Ohio nao waliipokea, ingawa leo maadili ya utafiti yangedai ulinzi mkubwa zaidi kwa mtu asiye huru.

Kwa kuwa watoto wengi wa Marekani walikwisha kupata chanjo ya sindano ya Jonas Salk, jaribio kubwa lilifanyika katika Umoja wa Kisovieti. Ingawa mataifa hayo mawili yalikuwa mahasimu, Sabin alishirikiana na Mikhail Chumakov, na mwaka 1959 watoto zaidi ya milioni 10 walichanjwa huko. Sabin hakuiwekea chanjo yake hataza, wala hakujitajirisha kwayo. Alifariki dunia tarehe 3 Machi 1993.

Chanjo hiyo haikukosa kasoro. Kwa nadra sana, virusi vilivyodhoofishwa huweza kurudiwa na nguvu, hasa pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Kwa hiyo mzazi ampelekaye mtoto wake kliniki humlinda pia mtoto wa jirani. Sabin aliomba imani ya wazazi wa wengine akiwa amekwisha kuwatoa wanawe. Nasi tunaowahimiza wengine, tuanzie nyumbani kwetu.