Johann Ludwig Krapf na Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili

Kila Dominika, isipokuwa katika kipindi cha Pasaka, somo la kwanza hutolewa katika Agano la Kale, na baada yake huimbwa Zaburi. Hapa Gombani, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, tunayasikia masomo hayo kwa Kiswahili kana kwamba yaliandikwa kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Twasahau kwamba vitabu hivyo vilikuwa vya Wayahudi kabla ya kuwa vyetu, vimeandikwa kwa lugha yao, na kwamba Bwana wetu mwenyewe alivisoma katika sinagogi la Nazareti. Kuna mtu aliyeketi akatafuta neno la kwanza la Kiswahili la kuanzia kitabu cha kwanza cha Torati. Tumeona vema kusimulia maisha yake, ingawa hakuwa Mkatoliki.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani ya kusini. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja alipigwa na jirani kwa kosa lililofanywa na kijana mwingine, akaugua nusu mwaka. Katika ugonjwa huo alishika Biblia, na hadithi za Abrahamu na mababu wengine zikamwingia moyoni. Baadaye, akiwa shuleni Tübingen, alijifunza Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, akasoma sehemu kubwa ya Agano la Kale katika lugha yake ya asili. Tena akavutwa na ramani ya Afrika, iliyokuwa na majina machache mno upande wa mashariki.

Shirika la Kianglikana la CMS lilimpeleka Uhabeshi mwaka 1837. Huko alifukuzwa Tigrai, akaenda Shoa, akajifunza Kiamhara na Kioromo, akaanza kutafsiri Injili. Mkewe, Rosine, alijifungua binti wakiwa safarini katika jangwa la Washoho. Mtoto hakuishi. Walimwita Eneba, jina la Kiamhara lenye maana ya chozi, wakamzika palepale, wakaendelea na safari. Walipofungiwa njia ya Uhabeshi waliamua kushuka pwani yetu kwa njia ya bahari, na mwanzoni mwa mwaka 1844 wakafika Unguja. Sultani Said bin Sultan aliwapokea, akampa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake kuwa ni mtu mwema. Hilo tusilipite upesi: mtawala Mwislamu alimfungulia mlango mtu aliyejua wazi kwamba amekuja kuhubiri dini nyingine.

Akachagua kukaa Mombasa. Tarehe 8 Juni 1844, baada ya muda mfupi tu wa kujifunza Kiswahili, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Aliyekaa naye katika kazi hiyo alikuwa Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohiddin. Krapf aliihesabu siku hiyo kuwa miongoni mwa siku kubwa za maisha yake.

Hebu tutafakari meza ile. Kitabu ni cha Wayahudi. Mfasiri ni Mlutheri wa Ujerumani aliyetumwa na Waanglikana. Msaidizi wake ni mwanachuoni wa Kiislamu. Na lugha ni ya watu wa pwani, ambao tayari walikuwa na utenzi na ushairi wao ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Sisi tunaoishi Pemba, ambapo jirani zetu karibu wote ni Waislamu, na watoto wanaocheza pamoja huitwa Ibrahim, Musa na Yusuf, twaweza kuelewa kwa nini kazi ile isingewezekana bila Kadhi. Hakumpa Krapf maneno tu. Alitoka katika mapokeo yanayomjua Adamu, Nuhu na Abrahamu, na Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwapa majina.

Tena kuna jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii. Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa tumbo moja, na kwa sababu Kiswahili kilikopa sana kutoka Kiarabu, maneno mengi ya Biblia yaliingia katika lugha yetu yakiwa jamaa wa karibu wa maneno ya Kiebrania. Roho tunayoitaja katika Ishara ya Msalaba ni jamaa wa neno la Kiebrania linalosomwa mwanzoni kabisa mwa Biblia, ambalo pia lina maana ya upepo na pumzi. Malaika, nabii, sadaka, damu: yote yana ndugu zake katika vitabu vya Musa na manabii. Tunaposema mwanadamu, yaani mwana wa Adamu, twalibeba jina ambalo kwa Kiebrania limefungamana na udongo. Mfasiri wa Kijerumani au Kiingereza hana bahati hiyo. Huku pwani, mlango ulikuwa nusu wazi kabla Krapf hajabisha hodi.

Lakini majuma matano hayakuwa yametimia tangu siku ile ya furaha. Mwezi wa Julai Rosine alijifungua binti mwingine, kisha homa ikamshika. Krapf mwenyewe alikuwa amelala kwa homa. Tarehe 13 Julai Rosine akafariki dunia, na siku chache baadaye mtoto naye akamfuata. Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ili wapita njia waone kaburi lake na kukumbuka kilichomleta. Akazikwa huko na mwanawe. Krapf aliandika barua kwa wakubwa wake Uingereza kuwaambia kwamba kaburi hilo ni alama ya vita vilivyokwisha kuanza pwani ya Afrika Mashariki. Kisha akarudi kwenye karatasi zake. Ni vigumu kwetu kusema kama huo ulikuwa ushujaa au namna ya kukimbia huzuni. Pengine vyote viwili.

Kazi iliendelea. Sura tatu za mwanzo za kitabu cha Mwanzo zilichapishwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la wanazuoni wa lugha za Mashariki. Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, wakahamia Rabai. Walimwengu huwakumbuka zaidi kwa milima: Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona mlima Kenya mwaka 1849, nao wataalamu wa Ulaya wakawacheka. Mwaka 1850 Krapf alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Sehemu kubwa ya tafsiri zake haikuchapwa kamwe. Afya ilimshinda, akaondoka pwani mwaka 1853.

Lazima tuseme ukweli: Krapf hakuupenda Uislamu, wala hakulipenda Kanisa letu, kama walivyokuwa Waprotestanti wengi wa zama zake. Mtu aliyesaidiwa hivyo na Kadhi angeweza kuandika kwa upole zaidi. Zaidi ya miaka mia moja ilipita kabla Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, hawajafundisha kwamba waamini wafunguliwe wazi mlango wa Maandiko kwa tafsiri zilizotoka katika lugha za asili, na kwamba zaweza kufanywa pamoja na ndugu zetu waliotengana nasi. Mwaka huohuo Mtaguso ulizungumza kwa heshima juu ya Wayahudi na Waislamu. Mombasa ya 1844 ilikuwa imekwisha kulitenda jambo hilo kabla ya kulifahamu.

Wengine walilichukua jembe alipoliacha. Unguja, Askofu Edward Steere wa Kianglikana alitafsiri Zaburi na Agano Jipya kwa Kiunguja, na baada ya kifo chake Biblia nzima ikatoka mwaka 1891. Kimvita cha Krapf kilibaki pembeni.

Krapf alikaa Korntal, Ujerumani, akiendelea na kamusi ya Kiswahili aliyoianza Mombasa. Jioni ya tarehe 26 Novemba 1881 aliingia chumbani kwake kulala. Kesho yake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Kamusi ilichapishwa London mwaka uliofuata.