Kinjeketile Ngwale: Neno Lililomshinda Mwenyewe na Mhusika Aliyemshinda Mtunzi

1.0 Utangulizi

Suala la mhusika anayekataa kutii mpango wa mtunzi wake limejadiliwa kwa mapana katika uhakiki wa fasihi ya Ulaya. Mwaka 1914 Mhispania Miguel de Unamuno, katika riwaya yake Niebla, alimwonyesha mhusika akimwendea mwandishi ili kubishana naye juu ya uhai na kifo chake. Mwaka 1921 Mwitaliano Luigi Pirandello alipandisha jukwaani wahusika sita waliokuwa wakimtafuta mtunzi wa kuwakamilisha. Katika fasihi ya Kiswahili suala hilo lina mfano mzito zaidi, kwa kuwa uliigharimu jamii damu kabla haujawa sanaa. Mfano huo ni maisha ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe. Makala haya yanayaeleza maisha hayo katika awamu mbili: ile iliyomalizikia kwenye kitanzi mwaka 1905, na ile iliyoanza upya katika tamthilia ya Ebrahim Hussein mwaka 1969. Hoja kuu ni kwamba katika awamu zote mbili kilichobuniwa kilipata nguvu ya kumpita aliyekibuni.

2.0 Mtu wa Ngarambe

Kinjeketile, ambaye baadhi ya wanahistoria huliandika jina lake Kinjikitile, aliishi Ngarambe, katika nchi iliyo kati ya mto Rufiji na vilima vya Umatumbi. Wakati huo wenyeji walibanwa na kodi, kazi za shuruti na mashamba ya pamba ya jumuiya yaliyoanzishwa mwaka 1902. Maakida waliwasimamia kwa viboko, na malipo ya pamba yalikuwa kidogo mno kulinganishwa na jasho lililomwagika.

Masimulizi ya wazee, ambayo Gilbert Gwassa na John Iliffe waliyakusanya na kuyachapisha katika miaka ya 1960, yanaeleza kuwa mwaka 1904 Kinjeketile alipagawa na pepo aitwaye Hongo. Alizama katika kidimbwi cha mto, jamaa zake wakangoja ukingoni kwa hofu, naye akaibuka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu. Tangu siku hiyo alikuwa mganga mwenye dawa ya vita. Dawa hiyo ilikuwa maji yaliyochanganywa na vitu vya kawaida kama mtama na mafuta ya mbarika, na iliaminiwa kuwa ingezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji.

Habari zilienezwa kwa mnong'ono ulioitwa Njwiywila, na makundi ya watu kutoka makabila mbalimbali yakamiminika Ngarambe. Hapo ndipo palipo uzito wa kihistoria wa Kinjeketile. Watu ambao hawakuwa na mtawala mmoja, wala lugha moja ya nyumbani, walipewa neno moja la kuwaunganisha.

Mpango wake ulikuwa na sharti. Waliokunywa maji waliagizwa kurudi makwao, kufanya mazoezi ya vita kwa siri, na kuendelea kulima pamba ya Mjerumani mpaka amri itakapotoka Ngarambe. Kwa lugha ya uhakiki, Kinjeketile alikuwa ametunga kisa chenye mwanzo na kilele, na kilele alikuwa amejiwekea mwenyewe.

3.0 Neno lavunja mpango

Amri hiyo haikungojwa. Mnamo Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete, waliochoshwa na kusubiri, waling'oa mipamba shambani. Kitendo hicho kilikuwa tangazo la vita, na mapigano yalifuata mara moja. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjeketile huko Mohoro.

Lau neno lingekuwa mali ya msemaji wake, vita vingekoma siku hiyo. Badala yake maji yaliendelea kusafiri mikononi mwa wajumbe ambao wengi wao hawakupata kumwona. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji walishambulia boma la Mahenge, wakapukutishwa na bunduki za rashasha. Uasi ulienea hadi Ungoni, Ubena na Upangwa, na kila jamii iliyapa maji tafsiri iliyolingana na mila na malalamiko yake. Vita vilimalizika mwaka 1907, baada ya Wajerumani kuchoma vijiji, mazao na maghala ya chakula. Hesabu ya Wajerumani ilitaja vifo 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa.

Katika Kiswahili neno ni tamko, na pia ni jambo, kama isemwavyo kwamba hakuna neno pale ambapo mambo ni shwari. Maisha ya Kinjeketile yamo katika maana hizo mbili. Alitoa neno kwa maana ya kwanza. Watu walilipokea kwa maana ya pili. Tamko huweza kukanushwa na aliyelitoa. Jambo likishatendeka halina mwenyewe, na maji yakimwagika hayazoleki.

4.0 Mpaka wa maji: mfano wa Rungwe

Neno hilo lilikuwa na mpaka. Upande wa magharibi lilifika Upangwa, lakini halikuvuka milima ya Livingstone kuingia Rungwe. Wamishonari wa Moravian walikuwa wamefika huko tangu mwaka 1891, na Tukuyu, iliyoitwa Neu-Langenburg, ilikuwa makao ya utawala wa Kijerumani. Wanyakyusa hawakujiunga na vita vya Maji Maji.

Jambo hilo lina umuhimu wa pekee kwa mada hii. Huko Umatumbi na Ungoni kumbukumbu ya Kinjeketile au ya maji yake ilirithishwa kwa simulizi za ukoo na kwa makaburi. Kwa mwanafunzi wa Tukuyu, ambaye mababu zake hawakuyanywa maji hayo, Kinjeketile aliingia kwa mlango wa darasa, akiwa mhusika wa tamthilia iliyotahiniwa. Mahali ambapo mtu wa Ngarambe hakufika, mhusika alifika.

5.0 Maisha ya pili

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, alitoa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Katika dibaji alitenganisha waziwazi mtu wa historia na mhusika wake, na kusema kuwa huyu wa pili ni zao la ubunifu. Mabadiliko aliyoyafanya yanathibitisha dai hilo. Kinjeketile wa historia alinyongwa siku chache baada ya vita kuanza. Wa tamthilia anaishi kuona kushindwa. Kinjeketile wa Hussein anaanza kulitilia shaka neno lake pale anapogundua kuwa ahadi ya pepo ingewatoa watu mikononi mwa Mjerumani na kuwatia mikononi mwa Sultani wa Zanzibar. Anawasihi wapiganaji wangoje. Hawangoji.

Mwishoni, akiwa kifungoni pamoja na kiongozi wa vita Kitunda, anatakiwa akiri kuwa maji yalikuwa uongo, naye anakataa, ingawa imani yake katika maji hayo imekwisha. Anatambua kuwa kukanusha maji kungekuwa kuwaambia vizazi vijavyo kwamba kupigania haki lilikuwa kosa. Kwa kitendo hicho mtunga neno anakubali kuwa neno limemzidi kimo, na kwamba wajibu uliobaki ni kutolisaliti.

Hussein mwenyewe alipatwa na lilelile lililompata mhusika wake. Onyo la dibaji halikuweza kumzuia mhusika kuvuka mpaka aliowekewa. Tamthilia ilisomwa katika shule za sekondari kwa miongo mingi, na kwa wasomaji wengi shaka ya Kinjeketile, mazungumzo yake na Kitunda na ukaidi wake gerezani vimekuwa sehemu ya historia yenyewe. Mhusika aliyebuniwa ameketi katika kiti cha mtu aliyeishi, na mtunzi aliyetangaza kuwa ni wa kubuni hakusikilizwa, kama vile Wamatumbi walivyoacha kuisikiliza amri ya kungoja.

6.0 Hitimisho

Katika Unamuno na Pirandello uasi wa mhusika ni fumbo linalobaki baina ya kitabu na mwandishi wake. Maisha ya Kinjeketile Ngwale yanaonyesha kuwa nguvu ya uasi huo hutoka kwa hadhira. Wamatumbi walikuwa na dhiki isiyoweza kungoja amri; taifa jipya la miaka ya 1960 lilikuwa na haja ya shujaa anayefikiri, naye shujaa huyo hakupatikana katika nyaraka za Kijerumani. Katika nyakati zote mbili hadhira ilichukua ilichokihitaji, ikamwachia mtunzi jina lake. Uhakiki wa tamthilia hii, kwa hiyo, unapaswa kumpima mhusika kwa kazi aliyofanyishwa na wasomaji, pamoja na nia ya aliyemwandika. Vilevile mwanahistoria anayeikuta shaka ya Kinjeketile katika maelezo ya vita vya 1905 hana budi kuuliza kwanza kama imetoka Ngarambe au imetoka jukwaani.