Aniceti Kitereza na Lugha ya Riwaya ya Kijijini

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Elimu ya seminari ya Rubya ilimpatia Kilatini na lugha kadhaa za Ulaya; hata hivyo, alipoamua kusimulia maisha ya wakulima wa kisiwa chake, aliandika kwa Kikerewe. Riwaya yake, iliyokamilika mwaka 1945, inawahusu Myombekere na Bugonoka, mume na mke wanaohangaika kupata mtoto huku jamaa wakiisonga ndoa yao. Ndani yake mna kilimo, uvuvi, uganga na adabu za ukwe.

Uamuzi huo ulimgharimu. Mswada ulikosa mchapishaji kwa miaka mingi, ilhali riwaya ya Peter Palangyo kuhusu maisha ya kijijini, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilitolewa London mwaka 1968. Ilimlazimu Kitereza kuitafsiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili, nayo Tanzania Publishing House ikaichapisha mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia.

Hivyo basi, kazi iliyozaliwa kwa Kikerewe iliwafikia wasomaji kwa Kiswahili. Mtunzi wake hakuwahi kuishika ikiwa kitabu.