Gamper: Mgeni aliyeianzisha Barcelona, akafa akiwa amefukuzwa

KILA msimu unapokaribia kuanza, Barcelona hualika timu moja na kucheza nayo kuwania Kombe la Joan Gamper. Mashabiki huitumia mechi hiyo kuangalia wachezaji wapya, basi. Ukiuliza kwenye kibanda umiza huyo Gamper ni nani, wengi watakwambia ni jina la kombe tu.

Jamaa hakuwa hata Mhispania. Alizaliwa Winterthur, Uswisi, Novemba 22, 1877, akaitwa Hans. Soka alilianza kwao, na mwaka 1896 alikuwa miongoni mwa walioanzisha FC Zurich. Miaka miwili baadaye alifika Barcelona akiwa kijana wa miaka 20, akapata kazi na kubaki.

Tatizo lilikuwa moja, hakuwa na timu. Wenyeji waliokuwa wakianza kucheza soka hawakuwataka wageni kikosini. Oktoba 22, 1899 akaweka tangazo dogo kwenye gazeti la Los Deportes akitafuta watu wa kucheza nao. Novemba 29 walikutana 12 kwenye ukumbi wa mazoezi wa Solé, wakiwemo Waswisi, Waingereza na Wakatalunya. Klabu ikazaliwa hapo. Rais wa kwanza alikuwa Walter Wild, mgeni mwenzake, na Gamper akawa nahodha.

Mechi ya kwanza, Desemba 8, walikula 1-0 kutoka kwa Waingereza waliokuwa wakiishi mjini humo. Hakuna aliyelipwa, walicheza kwa mapenzi tu. Lakini Gamper alikuwa anajua kufunga bwana! Hadi anastaafu mwaka 1903 alikuwa na mabao zaidi ya 100.

Kilichomfanya awe mkubwa hasa kilikuja baadaye. Mwaka 1908 Barcelona ilikuwa hoi. Makombe yalikuwa yamekauka tangu 1905, wanachama wameondoka, wamebaki 38. Klabu haifi kwa kufungwa mabao mengi, inakufa watu wakiacha kulipa ada, na hiyo ilikuwa inakata roho. Gamper akachukua urais na kuanza kuwafuata watu mmoja mmoja kuwaomba wajiunge. Mwaka uliofuata Barcelona ikahamia kwenye uwanja wake yenyewe, Mtaa wa Indústria.

Alikuwa rais kwa vipindi vitano tofauti. Kila klabu ilipoyumba, aliitwa mzee arudi. Zama zake ndipo walipotamba kina Paulino Alcántara, Josep Samitier na kipa Ricardo Zamora. Mwaka 1922 ukafunguliwa uwanja wa Les Corts, na wale wanachama 38 wakawa zaidi ya 10,000. Yeye mwenyewe alijifunza Kikatalunya na kuacha jina la Hans, akajiita Joan.

Mapenzi hayo ndiyo yaliyomponza. Hispania ilikuwa chini ya dikteta Miguel Primo de Rivera, ambaye hakutaka kusikia habari za Ukatalunya. Juni 14, 1925, kabla ya mechi Les Corts, bendi ya wanamaji wa Uingereza ilipiga wimbo wa taifa wa Hispania. Uwanja mzima ukazomea kwa miluzi. Ulipopigwa wa Uingereza, watu wakashangilia.

Serikali ikaifungia klabu miezi sita, adhabu iliyopunguzwa baadaye. Rais Gamper akalazimika kuondoka nchini na kurudi Uswisi. Alikuja kuruhusiwa kurejea Barcelona, ila kwa sharti la kukaa mbali na klabu. Hebu fikiria, umeianzisha timu, umeifungia mabao, umeiokoa isife, halafu unaambiwa usiisogelee.

Kisha ukaja mtikisiko wa masoko ya fedha wa mwaka 1929, biashara zake zikaanguka. Hakuwa na klabu, hakuwa na pesa, na moyo ulishachoka. Julai 30, 1930 alijiua, akiwa na miaka 52.

Kombe lenye jina lake lilianza kushindaniwa mwaka 1966, yaani miaka 36 baada ya kifo chake. Barcelona hadi leo ni mali ya wanachama wake, na wao ndio wanaomchagua rais. Hao wote walitokana na wale 38 ambao Mswisi mmoja alikataa kuwaacha.